Bei ya Shimo Wingu Likitanda

Wewe hapo, umewahi kuona bei ya nyumba ikipanda kwa sababu tu wingu limetanda?

Hadithi ina njaa!
— Iache ile masikio yetu!

Basi, bondeni aliishi Nguchiro, mama wa watoto watatu ambao hata macho hawajafumbua. Vuli ilikuwa imelizoa shimo lake, na sasa masika yalikuwa mlangoni. Asipopata shimo la mwinuko, watoto wataelea. Na mashimo ya mwinuko, yote saba, yalikuwa ya Mzee Fisi: dalali yeye, mwenye mali yeye, mpanga bei yeye.

Nguchiro akawapandisha watoto kilimani kwa mdomo, mmoja mmoja. Akauliza bei. Mayai ishirini ya kanga, akaambiwa, na mawili ya kuonyeshwa mlango.

Nguruuu, radi ikanguruma. Mayai thelathini.

"Mzee wangu, si umesema ishirini?"

"Hiyo ilikuwa bei ya jua, mama. Hapa praimu lokesheni."

Akamsihi, akamwonyesha watoto. Fisi akacheka, hii-hii-hii, akasema watoto wengi huchakaza kuta.

Nguruuu. Mayai arobaini, fainali, na eti Kicheche anakuja kesho na hamsini mkononi.

Tone la kwanza likamdondokea Nguchiro puani, to. Hakuwa na yai hata moja. Akasema sawa, amekubali, ila aitwe Mjumbe ashuhudie, na yeye akague ndani kwanza.

Mjumbe alikuwa Kobe. Akaja na daftari lake, kwatu, kwatu, kwatu, na mvua nyuma yake. Nguchiro akaingiza mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nao wakague, akasema.

Akaingia naye. Kisha sauti yake ikauliza kutoka ndani: huu mfupa wa pundamilia uliojaa uboho, nao umo kwenye bei?

Mate yakamtoka Fisi, chururu. Akachomeka kichwa.

"Simama hapo hapo!" Nguchiro akafoka. "Mwanamke yumo ndani ananyonyesha. Mbele ya Mjumbe unaingia kama mwizi?"

Fisi akamtazama Kobe, akaona haya. Akarudi nyuma, akajikohoza.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi."

Kimya. Mvua ikaanza kumpiga mgongoni, pa pa pa.

"Hodi jamani, ni mimi Fisi!"

"Karibu, mgeni. Ila ngoja nje, watoto wamelala."

Kobe akalamba kalamu, akaandika. Fisi akauliza anaandika nini. Kobe akamweleza taratibu kwamba daftari lake linajua watu wawili tu: anayebisha hodi ni mgeni, anayejibu karibu ni mwenye nyumba.

"Haya saba yako tuliyaandika vipi, Mzee? Mhanga aliyachimba, akatoka kutafuta mchwa, akarudi akabisha hodi. Aliyejibu nani?"

Fisi akafumbua mdomo, maji yakaingia. Akauvamia mlango, meno ya mama mzazi yakamdaka pua, kacha. Akateremka kilima akilia. Mfupa? Mfupa gani?

Yangu imekomea kizingitini. Mwenye yake aivushe.

Funzo, kwa mujibu wa Fisi: mnunuzi mwema hulipa bei ya kwanza, hanung'uniki, wala hamchokozi mwenye mali.

Na nyinyi mnaoshika madaftari ya viwanja huko maofisini, masika ndiyo haya. Yafungueni hadharani mtusomee, shimo kwa shimo, jina la aliyechimba.