Matanga ya Bi Kazija

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo, mmekula kweli nyinyi? Paukwa!

Pakawa!

Haya, kaeni. Mwoga ashike mkono wa mwenzake, maana hii ya leo mimi mwenyewe nilipohadithiwa sikulala vizuri.

Zamani sana, zamani ile ambayo bibi ya bibi yako bado anabebwa mgongoni, kulikuwa na kijiji nyuma ya kinamasi. Na kinamasi chenyewe si cha mchezo. Unaingiza mguu, chubwi. Unautoa, chopo. Chubwi, chopo, chubwi, chopo, mpaka ukifika ng'ambo umesahau ulikuwa unakwenda kwa nani.

Wanawake wa kijiji kile kazi yao ilikuwa mikeka. Wanakata ukindu, wanauanika, wanautia rangi, wanasuka, wanashona. Suka, shona. Suka, shona. Mikeka mizuri mpaka unaona haya kuikalia. Lakini nani anunue? Mwanamke wa pale haruhusiwi kuvuka kinamasi na bidhaa kichwani, mila imekataa. Wanaume wakiombwa wabebe, wanasema wao si punda. Basi mikeka inapandishwa darini, mende wanakula, wenyewe wanalala na njaa.

Kati yao alikuwepo mjane mmoja, Mashavu. Mume kafa, kamwachia mtoto wa kike, Mize, mdogo, bado anabebwa akichoka. Sasa shemeji yake, jina lake Mkadam, anakaa ng'ambo, akaja kumwambia: mavuno yakipita nikikuta jiko hili halina moshi, namchukua mtoto wa kaka yangu. Hakugombana, alisema taratibu tu, kama anaomba maji. Na mavuno yakapita. Na jiko la Mashavu, we acha, paka alikuwa anazaa humo.

Mashavu akaenda kulia kwa jirani yake, Bi Kazija. Huyu bibi alikuwa mkunga. Huku na ng'ambo, nusu ya watu wametua duniani mikononi mwake. Akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akamuuliza kitu kimoja tu: watu wa ng'ambo, nini kinawafanya wavuke matope?

Mashavu akawaza. Harusi? Hapana, harusi wanatuma salamu. Ngoma? Wanasema miguu inauma. Akasema, msiba, bibi. Msiba wanakuja hata kwa magoti.

Bi Kazija akasema haya. Akaingia ndani kwake.

Kesho yake asubuhi, amekufa.

Mashavu aliposikia, hakuamini. Jana tu walikuwa wanaongea. Wanawake wakapiga yowe, uuuwi, likavuka kinamasi, na ng'ambo wakajibu, uuuwi. Bi Kazija alikuwa ameacha wosia kwa mdogo wake: aoshwe na Mashavu, peke yake, mlango umefungwa.

Mashavu akaingia na mtungi. Bibi kalala, kafumba macho, katulia. Akachota maji kwa kata, akammiminia begani. Chwaa.

Maiti akasema, "Maji ya baridi hayo."

Kata ikaanguka, ko! Mashavu akataka kupiga kelele, sauti haiji. Akataka kukimbia, miguu haimsikii. Kabaki kasimama, mdomo wazi, kama aliyemezeshwa jiwe.

"Bibi," akasema mwishowe, "wewe umekufa."

"Nimekufa kwao. Kwako bado. Nje wametandika mikeka gani?"

"Ile mikuukuu ya msibani."

"Itoeni. Shusheni mipya yote darini. Sema ni wosia wangu, kila mgeni akalie mkeka mpya."

"Na wakitaka kukuzika?"

"Waambie nasubiri kaka yangu aje."

"Bibi, wewe huna kaka."

"Ndiyo maana tutamsubiri sana. Haya, chukua kata yako. Na ukitoka, toka unalia."

Mashavu akatoka analia, na wallahi hakuwa anaigiza.

Basi mikeka ikashushwa. Myekundu, ya zambarau, ya madoadoa, uwanja mzima ukawaka. Na watu wakaja. Chubwi, chopo, chubwi, chopo, vijiji kwa vijiji, kila aliyezalishwa na yule bibi. Wakakaa, wakalia. Sasa mwangalieni mama mmoja wa ng'ambo: jicho linatoa machozi, kidole kinapapasa mkeka. "Uuuwi, mkunga wetu... huu kashona nani, dada? ... uuuwi." Na wa pili hivyo hivyo. Na wa tatu anageuza upande wa chini aone mshono. Mashavu anaona yote. Kila akitazama mlango wa chumba cha maiti, jasho linamtoka.

Hapo ndipo akaja Mkadam.

Alikuja kuzika, na alikuja kuchukua mtoto, safari moja. Akamshika Mize mkono mbele za watu. Halafu akaiona mikeka, na Mkadam hakuwa mjinga. Akamsogelea Mashavu, akamwambia kwa sauti ya huruma kuwa yeye si mtu mbaya. Mikeka yote ya Mashavu ampe yeye, naye atampa pakacha moja la muhogo, na mtoto atamwacha mpaka mavuno mengine.

Pakacha moja. La muhogo.

Mashavu akamtazama Mize. Mtoto kashikwa mkono, hajui hili wala lile, anachezea kamasi. Njaa ikamwambia kubali. Hofu ikamwambia kubali. Akafungua mdomo.

"Haya, shem..."

"Usikubali."

Uwanja ukanyamaza, hata kuku. Sauti imetoka ndani, chumba cha maiti.

"Mashavu," ikasema sauti, "pakacha moja kwa mikeka yote? Mimi nimekufa, sijarukwa na akili."

Jamani! Puruuu! Watu wakatawanyika. Aliyekuwa analia kaacha kilio njiani. Aliyekuwa hawezi kutembea kawapita wenye miguu. Chubwi-chubwi-chubwi kwenye kinamasi, chopo hakuna, watu wanapita kama wana mbawa. Na Mkadam? Mkono wa mtoto kaachia, viatu kaacha, hakusema kwaheri.

Bi Kazija akatoka na sanda yake, kaifunga kifuani kama khanga. Uwanjani wamebaki Mashavu, Mize, na wazee wa mji ambao magoti yaliwagomea.

Wazee wale wakatetemeka, halafu wakakasirika, maana mtu mzima akiona haya huwa mkali. Mkubwa wao akakata shauri palepale. "Umeliliwa. Umeoshwa. Kwetu sisi umekufa." Asisalimiwe, asiitwe jina, asiitwe kuzalisha. Nani ampe maiti apokee mtoto?

Na huyo anayesema, kitovu chake kakikata Bi Kazija.

Bibi akasema, "Haya." Akarudi ndani. Mashavu alikuwa ameshtuka siku ile kuliko siku zote, lakini hili neno moja ndilo lililompiga zaidi. Alijua. Bibi tangu anafumba macho alijua litakalomkuta.

Sasa habari kama ile unaizuiaje? Ng'ambo kote wanaulizana, ati kuna kijiji maiti anajadili bei? Akaja mama mmoja, matope mpaka kiunoni, macho yametoka, kuja kuona. Akaukuta mkeka umetandikwa. Akauliza, huu bei gani?

Mashavu akasikilizia upande wa nyumba ya bibi. Kimya. Akangoja. Kimya. Ikabidi aseme mwenyewe.

"Mbuzi jike."

Akajishtua. Sauti ile ilikuwa yake?

Mama wa ng'ambo akaguna kwamba ghali. Mashavu akamwambia akae juu yake kwanza. Akakaa. Akapapasa. Akaondoka, akarudi na mbuzi, wote wawili matope.

Wakaja wengine. Wanawake wakajipanga: hawa wakate ukindu, hawa watie rangi, hawa wasuke, Mashavu ashone na aseme bei. Majiko yote yakatoa moshi, fuu. Mkadam akaja siku moja, akasimama mbali, akaona moshi, akaona Mize anakimbiza mwanambuzi. Akauliza bei ya mkeka. Akatajiwa. Akalipa.

Lakini Bi Kazija bado maiti. Anapita, watu wanatazama pembeni.

Basi wazee wakataka mkeka mkubwa wa baraza lao. Wakaja kwa Mashavu, bei gani? Wanawake wote wamekaa nyuma yake, wanasuka, hawainui uso.

"Mtamsalimia Bi Kazija," akasema Mashavu. "Mmoja mmoja, mchana, kila mtu anaona."

Mkubwa wao akang'aka. "Hiyo si bei."

"Ndiyo bei yetu, baba."

Wakajaribu kupunguza. Je, kwa kutikisa kichwa tu? Akasema kwa mdomo. Je, mmoja asalimie kwa niaba ya wote? Akasema mmoja mmoja. Wakaondoka wamenuna. Wakakaa chini, mchangani. Wadudu wakawala. Wakarudi.

Wakapanga mstari mlangoni kwa yule bibi, wazee wazima, ndevu nyeupe. Shikamoo. Marahaba. Shikamoo. Marahaba. Mpaka akafika mkubwa wao. Akavua kofia.

"Shikamoo, Bi Kazija."

Bibi akamtazama. Halafu akamgeukia Mashavu.

"Mpe mkeka wake," akasema. "Huyu kalipa."

Jioni ile ile mke wa mtu alishikwa na uchungu, na waliokuja kumwita mkunga walimwita kwa jina lake.

Mafunzo yake? Mwanamke mpe njia ya kuuza kazi ya mikono yake, halafu kaa kimya aseme bei yake mwenyewe. Na aliyemfungulia njia hiyo, mheshimuni angali anasikia.

Ngano yangu imekomea hapo. Anayebisha avuke kinamasi akaulize.