Mkaja na Miguu ya Mhina

Hapo zamani, wajukuu zangu, wala si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani hii hii ya simu za mkononi, katika kambi moja ya mkonge huko Tanga aliishi Mzigua mmoja akiitwa Mhina.

Mhina alifanya kazi kwenye brashi, pale singa kavu za mkonge zinaposuguliwa mpaka zing'ae. Singa zikatoka nyeupe, vumbi likaingia kifuani. Mkewe akafariki, akabaki yeye na binti yake Sikujua, na kifua kinachopiga filimbi. Akivaa shati, anahema. Akifunga kamba ya kiatu, anahema. Hospitali wakamwambia: mapafu haya hayarudi upya, utaishi nayo.

Dada yake Mashavu akaja kutoka Handeni kumuuguza. Huyo Mashavu, jamani! Mnamsikia muadhini, yeye jiko lake limeshawaka. Aliona mwenyewe kwamba kaka akishiba sana tumbo linambana pumzi, basi akawa anampikia kidogo kidogo, mara nyingi. Uji wa karanga. Yai. Maharage. Kunde. Dagaa waliotwangwa. "Kula, kaka, nyama irudi."

Lakini kwa mapenzi yale yale akamlaza. Kwenda uani? "Lala, nakuletea ndoo." Kuota jua? "Lala, nakufungulia dirisha." Mwana wa Mashavu alikuwa amemletea mama yake kile kipimo kidogo cha kubana kidole, kinachoonyesha damu imebeba hewa kiasi gani. Mhina akiinuka kukaa kitako tu, Mashavu anambana kidole, anaona namba iko chini, anapiga kelele: "Lala, kaka, unakufa!"

Kaka akalala. Akala, akalala. Tumbo likaja mbele, mapaja yakapotea, miguu ikawa kama mipini ya jembe.

Ndipo Hemedi, dereva wa trekta, akamposa Sikujua. Mhina akafurahi mpaka akakohoa. Akasema, "Nitamuozesha mwanangu kwa mkono wangu, msikitini, na msikitini nitakwenda kwa miguu yangu."

Msikiti uko juu ya kilima. Mashavu akashika kiuno. "Kaka, mdogo wetu atakuwa wakili wako. Sheria inaruhusu."

"Najua inaruhusu. Mimi sitaki. Wala sibebwi kama furushi la mkonge."

Maneno yale yakavuka ukuta, yakamfika jirani, Bi Nyamizi, mjane wa Kinyamwezi. Nanyi mnajua, Mnyamwezi na Mzigua ni watani. Mtani akikutukana hukasiriki, ukikasirika umeshindwa. Nyamizi akaingia bila hodi, na kamba mkononi.

"Wewe Mzigua, nyoosha miguu, nimekuja kukupima jeneza. Lo! Mbao zitabaki, tutengeneze na kabati!"

Mhina akacheka, akahema. Nyamizi akapindua kinu cha Mashavu, akakiweka karibu na kitanda. "Kaa hapa. Sasa inuka. Kaa. Inuka. Pumzi ikikata, usiivute kwa nguvu. Itoe polepole, midomo umeibana, kama unayepoza chai."

"Nani kakufundisha?"

Nyamizi akaacha mzaha. "Marehemu mume wangu naye alikuwa wa brashi. Nilimlaza, mtani. Nilimlaza kwa mapenzi, miguu ikaisha, akawa hawezi hata kugeuka kitandani. Daktari alinifundisha haya, nikiwa nimeshachelewa. Inuka!"

Inuka, kaa. Poza chai. Inuka, kaa. Poza chai. Mara Mashavu huyo, na kipimo chake. "Namba iko chini! Unaniulia kaka!" Mhina akitazama namba ile, anarudi kitandani kwa hofu. Kila siku ikawa hivyo. Nyamizi anamwinua, kipimo kinamlaza. Na harusi inakaribia.

Siku moja upande wa bwana harusi ukaja kupanga mambo. Alikuwamo Hemedi mwenyewe na dada yake mkubwa, Kidawa, anayefanya kazi mji mkuu, katika nyumba wanakohakikisha vipimo vya mionzi. Mashavu akamuuliza, "Mwanangu, ni kazi gani hiyo?"

"Mama, kuna chembe ndogo sana ziitwazo neutroni. Huzioni, huzisikii. Zinapenya chuma, lakini zikikutana na maji au nta zinachoka. Wanaofanya kazi karibu nazo wana kipimo cha kuwaonya. Sasa kipimo kikiongopa, mtu anaumia bila kujua, au anakimbia pasipo na kitu. Kwa hiyo sisi tunakiweka mbele ya chanzo tunachokijua nguvu zake, kwa umbali tunaoujua. Kikisema vingine, tunakirekebisha au tunakitupa."

Wakiwa katika maneno hayo, Mhina akainuka kuwasalimu wageni. Mashavu akambana kidole. "Lala, kaka, unakufa!"

Kidawa akamtazama Mhina: midomo haijageuka rangi, macho mazuri, utani mdomoni. Akasema, "Mama, niazime hicho." Akajibana kidole chake mwenyewe. Namba ikawa chini vile vile. Akamwita Sikujua, aliyekuwa anatwanga uani: chini. Akambana Hemedi, mcheza mpira: chini zaidi!

Nyamizi, aliyeingia bila hodi kama kawaida yake, akapiga makofi. "Kumbe hapa tumekuja kuzika! Bwana harusi marehemu, bibi harusi marehemu, pilau nitakula na nani?"

Wakacheka wote isipokuwa Mashavu, aliyekaa chini akafunika uso kwa kanga. Kesho yake zahanati ikampima Mhina kwa kipimo chake kizuri. Tabibu akasema, "Hewa inamtosha. Atembee, apumzike akichoka, na ale hivyo hivyo anavyokula."

Basi hofu ikatoka. Mashavu akapika kidogo kidogo, mara nyingi. Nyamizi akatukana. Inuka, kaa. Poza chai. Kutoka kitandani mpaka mlangoni. Kutoka mlangoni mpaka bombani. Kutoka bombani mpaka mwanzo wa kilima. Mapafu hayakupona, wajukuu zangu, filimbi ilikuwa ile ile. Miguu ndiyo iliyorudi, na miguu ikibeba mzigo wake, kifua kinapata nafuu.

Siku ya ndoa Mhina akavaa kanzu, akashika njia. Katikati ya kilima akasimama. Vijana wakanyoosha mikono wamshike. Kutoka chini ikasikika sauti ya Nyamizi: "Mguseni muone!" Mhina akapoza chai. Akaenda. Akasimama, akapoza chai. Akaenda. Alipokaa kwenye mkeka na kushika mkono wa Hemedi, maneno yalimtoka vipande vipande, kila neno na pumzi yake, na msikiti mzima ukamngoja. Sikujua akaozwa kwa mkono wa baba yake.

Jioni ukatolewa mkaja, ile nguo ambayo upande wa bwana harusi humpa mama wa bibi harusi, kukumbuka ile aliyojifunga kiunoni alipomzaa. Mama hayupo. Mhina akasema, "Mkaja ni wa aliyepata uchungu. Mimi leo nimezaliwa upya. Aliyenizaa, ajifunge."

Mashavu akasema, "Ni mimi. Mnamwinua mtu kwa matusi matupu? Hiyo nyama ya miguu mliitoa wapi, kama si jikoni kwangu? Kipimo kilinidanganya, sikatai. Sufuria langu halikumdanganya mtu."

Nyamizi akasema, "Ni mimi. Ulimlisha, mtani, na chakula kikaenda tumboni kukaa. Mimi ndiye niliyekiambia kishuke miguuni. Na nilikuwa namwinua hata siku ambazo namba ilisema anakufa."

Wakamgeukia Kidawa. Akainamisha macho. "Mimi nilikuja mara moja tu. Sikupika, sikuinua. Lakini mngeendelea, mmoja anamwinua, mwingine anamlaza, na leo angekuwa wapi?"

Mashavu akaruka. "Wewe ni upande wa bwana harusi! Mkaja utoke kwenu urudi kwenu?"

Nyamizi akacheka. "Naye mwache, kwani jicho lililoona uongo wa kipimo lilikuwa la upande gani?"

Wakamtazama Mhina. Mhina akabana midomo, akatoa pumzi polepole, akaukunjua mkaja magotini, yale magoti yake mawili. Akasema, "Pumzi yangu ya leo nimeimalizia kilimani. Semeni ninyi."

Haya, ninyi mliokaa hapa mmenyamaza. Kuna aliyeleta nyama, kuna aliyeleta nguvu, kuna aliyeondoa hofu. Nguo ni moja, na viuno ni vitatu. Je, nani alistahili kufungwa mkaja wa Mhina?