Tembo na Mlango wa Magoti

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na kwaya na sare za kwaya, alikuwepo Tembo mmoja mwenye wivu. Wivu, jamani! Na wewe unayecheka huko nyuma, ngoja kwanza, hujui kama nakusema wewe.

Wanyama walijenga kanisa. Wakakubaliana mlango uwe mfupi, ili kila mkubwa aingie kwa magoti na akumbuke anaingia kwa nani. Tembo mwenyewe ndiye aliyebeba nguzo zote, tena kwa moyo. Alidhani yeye atatobolewa mlango wake wa pembeni. Haukutobolewa.

Jumapili ya kwanza Twiga akapiga magoti, akainamisha shingo, akaingia. Kifaru naye, puu! Magoti chini, akaingia. Halafu akaja Pimbi, mwalimu wa kwaya, mnyama mdogo wa kwenye mawe, hana mkia wala hana urefu. Akapita wima, ti ti ti, bila hata kuinama.

"Aa! Haiwezekani!" Tembo akafoka. "Hiki kidudu kipite kimesimama, mimi niliyebeba nguzo nitambae? Sitambai!"

"Mzee Tembo, mimi napigia magoti ndani," Pimbi akasema.

"Kapige! Mimi nitasikiliza hapa nje."

Akabaki nje. Kila Jumapili alisimama juani, masikio pwa! pwa!, akisikia Pimbi anaimbisha na wenzake wanapiga vigelegele. Ilimchoma moyo.

"Hivi Pimbi ana nini ambacho mimi sina?" akamuuliza mkewe.

"Ana mahali pa kukaa ndani," mkewe akajibu, akaendelea kumenya ndizi zake.

Sasa ikakaribia siku ya kubatizwa kwa binti yao, Tumsifu. Kanisani kwao mtoto husimama na baba yake mbele ya madhabahu.

"Baba, utakuja kusimama na mimi?"

"Waambie wabomoe mlango, nitakuja."

"Na wasipobomoa?"

"Basi, usimame mwenyewe!"

Tumsifu alilia njia nzima mpaka kwenye mawe ya Pimbi. "Mwalimu, mimi nitabatizwa kama mtoto asiye na baba."

Pimbi akajikuna sikio. "Nyamaza, mwanangu. Baba yako namjua panapomuuma."

Jioni hiyo hiyo akamfuata Tembo nyumbani. "Shikamoo, mzee. Nimekuja kukuarifu tu. Kwa kuwa huji, kesho mimi ndiye nitakayesimama na Tumsifu. Koti nimeshashona."

"Wewe? Na mwanangu?"

"Na kwenye chakula cha baada ya ibada, kile kiti cha baba nitakikalia mimi. Kwaheri, mzee!"

Tembo hakula. Kesho yake akaja mapema, akabandika sikio kwenye ukuta wa kanisa. Ndani akamsikia Mchungaji Korongo akiuliza, "Baba wa mtoto huyu ni nani?"

Halafu ikatoka sauti ya Pimbi, ile sauti yake kubwa kuliko mwili wake:

"Ni miiiimi!"

Lo! Tembo akaona giza. "Muongo! Muongo mkubwa huyo!" Puu! Magoti chini. Akaingiza kichwa, mabega kwaruu! kwaruu! Tumbo likakwama. Akasukuma kwa nguvu zake zote, mlango ukamtema ndani, akateleza kwa magoti mpaka mbele ya madhabahu.

"Baba ni mimi! Mimi, si huyo!"

Nyani akaanza kucheka, kanisa zima likamfuata. Tembo akajitazama: magoti sakafuni, vumbi usoni. Aibu ikamshika, akataka kurudi kinyumenyume. Ndipo akamwona Pimbi pembeni yake, na koti lake jipya, amepiga magoti mpaka paji la uso limegusa sakafu.

"Nisamehe, Mchungaji," Pimbi alikuwa anasema. "Nimedanganya kanisani."

"Tutaongea," Mchungaji akamjibu.

Tumsifu akauzungusha mkonga wake mdogo shingoni mwa Tembo. "Baba, umekuja," akasema. Tembo hakurudi nyuma tena.

Mchungaji akanyamazisha watu. "Baba wa mtoto, unakubali kwamba huyu ni wa Mungu kabla ya kuwa wako?"

Tembo alizoea kujibu kabla swali halijaisha. Safari hii alikawia, machozi yakamdondoka kwenye vumbi.

"Nakubali," akasema polepole. "Hata mimi ni wake, Mchungaji. Nimesumbuka bure pale nje."

"Amina," Pimbi akanong'ona. "Sasa sogea kidogo, mzee, umenikalia koti."

Haya, wanangu, mmesikia: anayetaka kumkaribia Mungu, ukubwa wake auache nje.