Mgongo wa Kopo

Mtu mmoja alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na alikuwa na watoto wawili waliompenda. Jina lake Kadeghe, mkulima wa tangawizi juu katika milima ya Upare. Binti yake, Nakijwa, aliishi naye na kumpikia. Mwanawe mkubwa, Elirehema, alifanya kazi Tanga mjini, na kila alipopanda mlimani hakuja mikono mitupu.

Nawaomba mlishike hilo kabla sijaendelea. Katika nyumba hii hapakuwa na mtu mbaya.

Pasaka ilipofika, Elirehema alimletea baba yake kopo kubwa la unga wa lishe. Mbele ya kopo alichorwa mzee mwenye mvi akikimbia kama kijana, na juu yake maneno ya rangi ya dhahabu: Bila sukari ya kuongezwa. Hurudisha nguvu za mwili. Aliyemuuzia alimwambia kwamba wazee wengi wameutumia wakaviweka vidonge kando. Elirehema aliamini, kwa sababu alitaka sana liwe kweli. Alikuwa amechoka kumwona baba yake akihesabiwa kila tonge.

Kadeghe aliukoroga unga ule katika maji ya moto, akanywa, akafurahi. Ulikuwa mtamu. Vidonge vya kliniki vilimchafua tumbo, na chakula alichoruhusiwa hakikuwa na ladha. Mtu akipewa njia mbili, moja chungu na nyingine tamu, na ile tamu imeletwa na mwanawe wa kumzaa, hahitaji kushawishiwa. Kwanza alisahau kidonge cha asubuhi. Halafu akasahau cha jioni. Mwishowe akawa anasahau kwa makusudi. Na kwa muda alijiona ana nguvu kweli, akawa anawasimulia majirani baada ya ibada kwamba mwanawe amempatia uzima.

Kisha kiu ikarudi, ile kiu ambayo maji hayaikati. Akiwa shambani, jembe likamkwaruza kidole cha mguu. Kilikuwa kidonda kidogo, cha kuosha na kusahau. Hakikufunga. Kadeghe akakificha ndani ya buti la mpira, akawa anavaa buti hata akikaa sebuleni. Hakuogopa kidonda. Aliogopa kwamba mtu akikiona, atauliza juu ya zawadi ya mwanawe. Na angeijibia nini?

Lakini soksi hazifichi siri. Nakijwa alipokuwa akifua, alikuta moja imegandamana na usaha. Akamfuata baba yake.

"Ni mkwaruzo tu, mama," Kadeghe akamwambia. Ndivyo alivyozoea kumwita bintiye.

Nakijwa hakubishana naye. Alirudi jikoni, akasimama mbele ya rafu. Siku zote kopo lile lilikuwa limewatazama kwa uso wake, na wao walikuwa wameusoma uso huo mpaka wakaukariri. Siku hiyo alilishusha, akaligeuza, akasogea nalo dirishani kwenye mwanga. Nyuma maandishi yalikuwa madogo kama sisimizi. Muuguzi wa kliniki aliwahi kuwafundisha kwamba viambato hupangwa kuanzia kile kilicho kingi kuliko vyote. Cha kwanza kilikuwa unga wa tende. Kilichofuata kilikuwa asali iliyokaushwa. Kumbe neno la mbele halikuwa uongo. Hakuna aliyeongeza sukari juu ya unga ule, kwa sababu unga wenyewe ulikuwa sukari.

Nakijwa aliogopa. Si rahisi kwa mdogo kumwambia mkubwa wake kwamba upendo wake umekosea njia. Hata hivyo alimpigia simu kaka yake, na Elirehema akapanda mlima kesho yake, akaingia ndani amekunja uso.

"Kwa hiyo nimemlisha baba sumu," alisema. "Ndicho unachotaka kusema?"

"Sijasema hivyo, kaka," Nakijwa akajibu.

"Basi sema unavyotaka. Wewe umemletea nini?"

Machozi yalimlenga Nakijwa. Hapo Kadeghe, aliyekuwa amekaa pembeni na buti zake, alifanya jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya mbele ya wanawe. Alinyoosha mkono, akalichukua kopo, akampa yule aliyelileta.

"Elirehema," akasema, "upande wa mbele nimeujua kwa moyo. Nisomee wa nyuma, na usiruke neno."

Elirehema akaanza kusoma kwa sauti kubwa, kama mtu anayejitetea. Alipofika kwenye tende na asali, sauti ikashuka. Akaendelea, maana aliambiwa asiruke. Chini kabisa, karibu na ukingo wa kopo, palikuwa na maneno haya: Bidhaa hii ni chakula. Haitibu ugonjwa wowote, wala haichukui nafasi ya dawa. Wenye kisukari wamwone daktari kabla ya kutumia.

Alisoma mpaka nukta ya mwisho. Kisha aliliweka kopo mezani, akapiga magoti mbele ya baba yake, akamvua buti taratibu. Harufu ilijaa chumba. Hakuna aliyegeuza uso. Elirehema hakutafuta maneno ya kujitetea, wala Nakijwa hakutafuta ya kumshinda. Gari lisingeweza kupanda mpaka pale nyumbani, kwa hiyo mwana alimbeba baba yake mgongoni, akateremka naye mpaka barabarani, na dada yake akatangulia akiwaonyesha mahali penye utelezi.

Hospitalini daktari alikitazama kidonda kwa muda mrefu. Akawaambia kwamba wangechelewa zaidi, mazungumzo yao yangekuwa ya kukata mguu. Kadeghe alilazwa. Alichomwa sindano, akasafishwa kidonda, akavirudia vidonge vyake, vile vile vichungu, na safari hii alimweleza daktari jinsi vinavyomsumbua tumboni. Akabadilishiwa aina nyingine. Nyama mpya ikaanza kuota pole pole, nyekundu na safi, mpaka ngozi ikafunga.

Wakati wa kiangazi kijiji hutoka kwenda kuzibua ndiva, bwawa la juu linalokusanya maji ya mashamba. Njia yake ni kali, na vijana huilalamikia. Mwaka huo watu walimwona Kadeghe akiipanda kwa miguu yake miwili, jembe begani. Wanawake waliokuwa juu walipiga vigelegele kabla hajafika. Elirehema alikuwa nyuma yake akihema, amezoea ngazi za mjini. Wakachimba tope pamoja. Na lango lilipofunguliwa, Kadeghe alisimama ndani ya maji yanayokwenda, yakampita miguuni, yakateremka mfereji kwa mfereji mpaka kwenye tangawizi yake. Alicheka kicheko cha mtu aliyerudishiwa kitu alichokuwa karibu kukitoa kwa mkono wake mwenyewe.

Elirehema angali analeta zawadi. Ila siku hizi husimama dukani akageuza kila pakiti, akatafuta tarehe ya mwisho wa matumizi, akasoma mpaka walio nyuma yake kwenye foleni wakaguna. Naye huwaacha wagune.

Ndugu zangu, uso wa kopo huandikwa na anayetaka ununue. Mgongo wake huandikwa kwa kuwa sheria imemlazimisha kusema. Na si makopo peke yake yaliyoumbwa hivyo. Ni mangapi uliyoyameza mwaka huu, chakula na ahadi na mahubiri, haya yangu pia, kabla hujauliza yametengenezwa kwa vitu gani?