Mfereji wa Mzee Mbonea

"Mfereji huzibuliwa masika." Ndivyo alivyosema mzee mmoja wa kanisa kwenye harusi ya Jumamosi, alipoombwa awausie maharusi. Alisema hayo tu, akaketi. Watu wazima wakatikisa vichwa kukubali. Sisi vijana wa kwaya tulitazamana. Mfereji na harusi wapi na wapi?

Kesho yake baada ya ibada tulikwenda kwa Bibi Nanzia kumsaidia kuchambua maharage, tukamuuliza. Alitabasamu, akasema methali hiyo haikutoka mbali, ilianzia kwenye mteremko ule ule tuliokuwa tukiutazama. Akatusimulia.

Huku kwetu Upareni, maji ya kumwagilia hukusanywa kwenye ndiva, bwawa dogo la mawe na udongo. Asubuhi ndiva hufunguliwa kwa zamu. Zamu ya baba yangu, Elieta, ilikuwa asubuhi moja katika kila siku tisa. Na kutoka kwenye ndiva hadi shambani, kila mtu ana mfereji wake. Ukiziba, huna wa kumlaumu.

Jirani yetu, Mzee Mbonea, alikuwa na tabia iliyowashangaza watu. Wakati wa masika, mvua ikinyesha kutwa na hakuna anayeikumbuka ndiva, yeye kila Jumamosi alibeba jembe akapotelea kwenye ukungu. Wengine walisema amezika kitu huko juu. Wengine walisema anamkimbia mkewe. Baba alishindwa kuvumilia, siku moja akamfuata kwa kunyata. Alimkuta amepiga magoti mferejini, anatoa matope kwa mikono huku akiomba kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumza na mtu aliyekaa ukingo wa pili.

Baba akamuuliza anaomba nini, maana mwaka ule mashamba yalikuwa yamestawi.

"Leo siombi kitu," Mzee Mbonea akajibu. "Namsalimu tu."

Baba akacheka, akamwambia maji yamejaa kila mahali, sasa anazibua ya nini?

"Jembe lako limepumzika, kijana wangu, na magoti yako pia. Haya, nenda nyumbani, utaloa."

Baba alimsimulia mama kisa hicho kama kichekesho. Lakini neno lile la magoti hakulisimulia. Tangu waoane walikuwa wakisali pamoja kila jioni. Mwaka ule, mambo yalipokuwa mazuri, alianza kusali amelala. Kisha akawa anasali mezani tu, na mwishoni hata mezani akamwachia mama. Hakuwa amegombana na Mungu. Aliacha tu, kama mtu anavyoacha kumtembelea ndugu ambaye hana ugomvi naye.

Kisha mvua ikakatika mapema, maharage yakiwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Hicho ndicho kilikuwa chakula chetu cha miezi iliyokuwa mbele, na mama alikuwa na mimba yangu.

Zamu ya baba ilipofika, alifungua maji, akakimbia shambani kuyapokea. Akangoja. Hayakuja. Alipopanda kuyatafuta, alikuta mfereji umejaa udongo na mizizi, na maji yamebomoa ukingo yanatelemkia korongoni. Alichimba mpaka viganja vikachubuka. Hajafika hata nusu, zamu ikawa imekwisha. Siku tisa tena, na maua yasingengoja siku tisa.

Akapiga magoti pale pale ili aombe. Maneno hayakuja. Alikuja kutuambia kwamba hilo lilimtisha kuliko maharage: alijiona kama mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba aliyozaliwa.

Mzee Mbonea alimkuta katika hali hiyo.

"Mzee, niombee wewe," baba akasema. "Mimi Mungu ameniacha."

"Na maji je, yamekuacha?"

Baba akatazama korongoni. "Hapana. Yalikuja."

"Yalikuja mpaka hapa palipoziba. Shika jembe."

Walichimba pamoja siku mbili. Mwanzoni baba aliweza kusema neno moja tu, "Bwana," kila alipoinua jembe. Kufikia jioni ya pili alikuwa akiongea na Mungu na kulia, na Mzee Mbonea amejitenga kidogo kana kwamba hasikii. Siku ya tatu ilikuwa zamu ya mzee, akampa baba nusu ya maji yake. Nusu ya maharage ilikuwa imekwisha kufa. Iliyopona ilimlisha mama mpaka nikazaliwa.

Masika yaliyofuata watu waliona majembe mawili yakipanda kwenye ukungu. Aliyeuliza kulikoni, baba alimjibu kwa maneno yale mliyoyasikia harusini.

Bibi aliponyamaza, Sifaeli, mwenzetu wa sauti ya nne, aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, "Bibi, na ambaye wake umeshaziba?"

Hatukumuuliza kwa nini anataka kujua. Bibi alimsogelea.

"Wa baba yangu ulizibuliwa kiangazi, mwanangu. Udongo ulikuwa mgumu, na alilia, lakini ulizibuka. Na maji yalipofika hayakumuuliza alikuwa wapi."

Akachota maharage, akayaacha yateleze kati ya vidole vyake.

"Ila ile nusu haikurudi. Ndiyo maana maharusi tunawaambia siku ile ile wanayocheka: mfereji huzibuliwa masika."