Nafasi Moja, Wasuluhishi Watatu

Nyie mnaopenda kuhukumu wenzenu, tulieni niwape kesi. Chuo kimoja cha diplomasia kilikuwa na wanafunzi watatu waliosomea kusuluhisha ugomvi wa mataifa. Kasiani alikuwa mtu wa makaratasi. Wa pili, Sikudhani, aliwajua wakubwa na maringo yao. Nyamizi alijua koo za watu na watani wao. Walikuwa chanda na pete, mpaka ikatangazwa nafasi moja ya kwenda kujifunza kazi kwenye mahakama ya kimataifa. Basi tena, wivu ukaingia.

Wakati huo nchi mbili jirani ziligombea malisho, maana mto wa mpakani ulikuwa umehama njia. Askari walishaanza kupigana. Mwalimu akawapeleka watatu hao kusaidia mazungumzo.

Kasiani alifukua majalada siku nne, akapata mkataba wa zamani ulioruhusu wafugaji wa pande zote kulisha pale hata mto ukihama. Bila karatasi ile hapakuwa na la kuzungumza.

Lakini mawaziri wa nchi hizo mbili waligoma kuingia kwenye hema la mazungumzo. Kila mmoja aliona atakayetangulia ataonekana ndiye mwombaji. Walisimama juani saa nzima, watu wazima na ndevu zao. Sikudhani akachukua kisu, akapasua turubai upande wa pili, ukapatikana mlango mwingine. Wakaingia kwa pamoja.

Humo ndani wakatukanana, mmoja akainuka aondoke zake. Nyamizi akawauliza koo zao, akakuta ni watani tangu enzi za mababu. Akamwambia aliyeinuka, "Mzee, tusi la mtani halina hasira. Ukifa, huyu ndiye atakayekuchimbia kaburi. Keti." Mzee akacheka bila kupenda, akaketi. Jioni wakatia saini.

Sasa ng'ombe wa nchi mbili wanalishwa pamoja, ila wasuluhishi wetu hawasalimiani. Kasiani anasema kuchana turubai hata fundi cherehani anaweza. Sikudhani anasema Nyamizi alileta mzaha tu. Nyamizi akimwona Kasiani na jalada lake, anahama meza.

Mwalimu kawaambia, "Mmepatanisha nchi. Haya, pataneni wenyewe, mniletee jina moja. Ijumaa likikosekana, nafasi inakwenda chuo kingine."

Leo Alhamisi, na kila mmoja kaandika jina lake. Wangekuwa wanangu ningewanyima wote, lakini si wanangu. Haya, msikilizaji, kalamu hiyo: wewe ungeandika jina la nani?