Msamaha Mmoja kwa Muhula

Anayetafuna karanga atafune polepole, maana nikimaliza nitakudai jibu, na sitaki kuambiwa eti hukusikia vizuri.

Palikuwa na vijana watatu katika chuo kimoja cha ualimu, wa chumba kimoja, wamebakiza muhula mmoja tu wapate vyeti. Shaweji alikuwa na sikio: mtu akipiga mwayo chumba cha pili, alijua ni nani. Lugano alikuwa na pumzi: ndiye mpiga tarumbeta wa bendi ya chuo, na hakuna aliyewahi kumwona akitweta. Mayunga alikuwa na ulimi usiojua uongo. Ukimwuliza kama shati lako limekupendeza, ujue umejitakia mwenyewe.

Wa nne wao alikuwa Mbonea. Yeye alikuwa na unga, na simaanishi wa ugali. Alianza kwa mzaha, akaapa kuacha mara saba, na mara zote saba akarudi.

Mwaka uliotangulia alikuja mshauri mmoja, Bi Mwanaisha, akawaambia wanachuo kwamba kuacha ndiyo heri, lakini aliyeshindwa asivute peke yake, na akizidiwa, wenzake waite msaada bila woga. Mkuu wa chuo aling'aka kwamba mama huyo anawafundisha watoto wa watu kuvuta, akampiga marufuku. Sheria ikabaki ileile: unga ukiingia chumbani, chumba kizima kinafukuzwa.

Mbonea alilishika neno la yule mama. Jumamosi moja mchana, wenzake wakisikiliza mpira redioni, hakwenda kujificha chooni kama siku zote. Alivuta kitandani kwake, chandarua kimeshushwa, wenzake wakiwa hatua tatu tu.

Shaweji ndiye aliyesikia. Goli lilikuwa limeingia na watu wanashangilia, yeye akazima redio, akasema huko si kukoroma kwa mtu aliyelala. Wakafunua chandarua, wakakuta midomo imebadilika rangi. Jirani akaja mbio na kikombe cha maziwa amnyweshe. Shaweji akakipokonya, kwani asiye na fahamu hanyweshwi kitu.

Lugano ndiye aliyempa pumzi. Walimpakia kwenye toroli la bustani, na kila baada ya hatua chache toroli lilisimama, Lugano akainama na kumpulizia kinywani. Walipofika zahanati ya chuo, yeye mwenyewe alikuwa anatembea kwa kushika ukuta.

Mayunga ndiye aliyesema. Muuguzi aliuliza mgonjwa ana nini. Wawili wakatazama chini, mmoja wao akaanza kutaja malaria.

"Amevuta unga, dada," Mayunga akasema. "Nusu saa haijapita."

Muuguzi akaiacha dripu ya malaria aliyokuwa ameanza kuiandaa, akachoma sindano ya kuuvunja nguvu unga, na Mbonea akafumbua macho. Kisha akaandika daftarini, kama kazi ilivyomtaka, na habari ikafika kwa mkuu.

Jumatatu bodi ikakaa, ikaamua Mbonea arudi kwao, na wenzake watatu vilevile. Ila chuo hicho kina desturi yake: kila muhula bodi hutoa msamaha mmoja, hauongezwi. Mkuu akamwekea Mbonea karatasi, aandike jina la aliyemwokoa, huyo ndiye asamehewe. Kengele ya chakula ikilia karatasi ikiwa tupu, wote wanaondoka.

Maskini Mbonea! Bila sikio la Shaweji angezikwa. Bila pumzi ya Lugano, vilevile. Bila ulimi wa Mayunga pia, ingawa ulimi huohuo ndio uliowafukuzisha. Na lililomkata maini zaidi ni hili: angejifungia chooni, angekufa peke yake na wenzake wangebaki chuoni. Alitii neno jema, likawaangamiza. Tena, aibu juu ya aibu, hata ameshika kalamu mwili wake ulikuwa unadai unga.

Akamwita Lugano dirishani, akamsihi wakubaliane wenyewe watatu.

"Tumeshindwa," Lugano akamjibu. "Kila mmoja anamtaja mwenzake."

Mbonea akaandika herufi ya kwanza, akaifuta. Kengele ikaanza kulia.

Haya, mimi nimefika mwisho wangu. Karatasi hiyo hapo, shika kalamu. Je, wewe ungeandika jina la nani? Na hao wawili wakipita mlangoni na masanduku yao, ungewaambia nini?